Homa Isiyo na Mdudu

Mama Chiriku ni fundi cherehani. Anashona sare za shule sebuleni kwake, na binti yake wa miaka kumi humsaidia kupachika vifungo. Mtoto anaitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Akinyamaza tu, mama huacha kushona na kumgusa paji la uso.

Kila baada ya wiki tatu au nne mambo yalikuwa yale yale. Homa kali, tumbo linauma, goti moja limevimba. Siku ya nne anaamka mzima, kana kwamba hakuumwa. Alipewa dawa za malaria mara nyingi, hata pale kipimo kilipoonyesha hana malaria. Kila muhula homa ilimkosesha mtihani mmoja au mwingine, na shuleni walisema anatega. Shangazi yake akasema amedekezwa.

Mama hakukubali. "Mtoto anaweza kudanganya kwa mdomo, wifi. Goti haliwezi," alisema, akaenda kubisha mlango wa jirani.

Jirani huyo hufanya kazi maabara. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshauri anunue daftari na kuandika kila homa: imeanza lini, joto limefika wapi, panauma wapi, imekwisha lini. Akamsihi pia aache dawa za kubahatisha. Mtoto apelekwe kupimwa damu wakati homa ingali mwilini.

Mama aliandika kwa miezi minne. Daftari likafika kwa daktari wa watoto katika hospitali kubwa. Daktari alipitisha kidole kwenye tarehe, ukurasa kwa ukurasa. Damu iliyochukuliwa siku ya homa ilionyesha kuna uvimbe mkali ndani ya mwili, ule unaotokea mwili unapopigana na ugonjwa, lakini hakuna mdudu wa ugonjwa aliyeonekana.

"Mama, chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili," daktari alisema. "Vijidudu vikiingia, zinapigana navyo, ndipo homa inapanda. Kwa binti yako, baadhi ya askari hao wanaanza vita na adui hayupo. Wanaoumia ni wenyeji."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Nilimkosea wapi?"

"Hukumkosea. Ugonjwa huu amezaliwa nao. Ni ugonjwa wa nadra, na hauambukizi."

Akamweleza kwamba dawa haitauondoa ugonjwa, ila itawatuliza askari wale. Imezwe kila siku, hata mtoto akiwa mzima, na kwa kipimo alichoandikiwa tu. Damu na mkojo vipimwe kila baada ya miezi michache, maana uvimbe ukiachwa unaweza kuharibu figo. Na homa yoyote ikija, apimwe, kwani mwenye ugonjwa huu naye huweza kuugua malaria kama wengine.

Miezi miwili ikapita bila homa. Shangazi akaona dawa ya nini tena kwa mtoto mzima. Mama naye akalegea, akaiacha. Wiki ya pili Chiriku alikuwa kitandani, amekunja magoti, tumbo linamkata. Alipimwa, malaria hakuna. Mama hakumlaumu mtu. Alimrudisha kwa daktari, dawa ikaanza upya. Tangu hapo shangazi akipiga simu huuliza kwanza kama mtoto amemeza, ndipo asalimie.

Mwaka ulipoisha, Chiriku alifanya mitihani yote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Akawa wa kumi na tisa darasani. Mama alimwita jirani aje aione ripoti. Katika ripoti zote za nyuma, mahali pa kuandika nafasi yake darasani palikuwa na kistari tu.