Kicheko Kwenye Simu Iliyozimika

Simu ya Daniella ilikuwa imezimika, umeme umekatika mtaa mzima wa Kikula tangu asubuhi, lakini visikilizio vilivyokuwa masikioni mwake viliendelea kucheka. Mama yake, Marcelline, aliyekuwa akipima unga wa kuuza, alikisikia kicheko hicho akiwa ng'ambo ya chumba.

"Daniella, nani njo anacheka?"

"Ni Franck na benzake wa masomo, mama. Mu jeu, ule muchezo ya mu telefone, bananitukana kila siku." Mtoto aliteremsha sauti. "Lakini kuko mwingine. Ule, hata telefone ikizima, haendake."

Mtu mwenye akili angeuliza: wanakutukanaje, mwanangu? Marcelline alimkimbilia pasta. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mtoto anasema anaonewa, na wakubwa wanatafuta dhambi yake!

Pasta Octave alimfungisha Daniella, asile kitu, kisha, umeme uliporudi, akamsimamisha kanisani mbele ya mikrofoni, spika zimeelekezwa barabarani ili mtaa ujue kwamba pepo anafukuzwa.

"Ungama! Nani alikupatia bulozi?"

Daniella hakuwa na uchawi wowote wa kuungama. Mtaa wote ulisikia, Franck naye akasikia, na siku ileile genge lake likamwimbia mchezoni jina jipya: mulozi, mulozi.

Tangu hapo Daniella hakusema tena. Alifungua mdomo ikatoka hewa tu, na vile visikilizio vilivyolala mezani, bila simu, vikaanza kuongea kwa sauti yake, vikimtukana, vikicheka, huku chumba kikijaa harufu ya tindikali kama upepo unapotoka kiwandani Shituru, ila madirisha yalikuwa yamefungwa, na harufu ilikuwa ikitoka kwenye nywele za mtoto.

Marcelline alisogea mezani. Kisha akavichukua, akavitia masikioni mwake mwenyewe.

Alisikia watoto wakizomea. Chini yao alisikia kitu kizee kisichopumua. Na juu ya wote alisikia sauti yake yeye, maneno yaleyale aliyosema kanisani akiwa kando ya pasta: "Ungama, Daniella, unatupatisha haya." Aibu ikamchoma, kisha akawaka kwa hasira.

"Weye, sikia! Minye Marcelline, mama yake. Mutoto wangu haiko mulozi. Minye njo nilikosa. Kama unatafuta muntu wa kutukana, niko hapa!"

Visikilizio vilinguruma, vikapiga mluzi, vikanyamaza. Harufu ikaisha.

"Mama," Daniella alisema kwa sauti iliyokwaruza, "niko na njaa."

Baada ya kula walikaa wote wawili na ile simu, wakawafungia Franck na genge lake wasimfikie Daniella tena. Kisha Marcelline akaenda kwa mama yake Franck, mchana kweupe, akasema yote bila kupunguza.

Lakini kile kitu kizee hakikwenda mbali. Jumapili, kanisani kwa Octave, kabla mtu hajagusa mikrofoni, spika zilicheka. Kisha, kwa sauti ya pasta, zikaita jina la mtoto mwingine aliyekaa benchi la nyuma. Na wakubwa wote, bila kuuliza ni nani aliyeita, wakageuka kumtazama yule mtoto.