Kifurushi cha Kipanga

Lori lilikata kona kwenye kiwanda cha matofali, na Kipanga akaliacha lipotee.

Hakuwa na wasiwasi. Pikipiki yake ya Yamaha ilinguruma taratibu nyuma ya basi la wanafunzi. Helmeti ilimfunika uso, bastola ya Glock ilitulia kwapani. Simu ya kazi ilikuwa imebanwa kwenye usukani kwa kishikio cha mpira, na juu ya ramani yake nukta nyekundu ilitambaa polepole kuelekea kwenye maghala.

Nukta ndiyo iliyokuwa lori. Ukiwa na nukta, huna haja ya kumpumulia adui kisogoni. Hivyo ndivyo Kipanga alivyowafundisha vijana wa Idara ya Ujasusi mwaka hadi mwaka, akiwa amekunja mikono kifuani, akipenda sana sauti yake mwenyewe.

"Kituo, hapa Kipanga. Mzigo unaelekea mashariki. Niko nao."

"Umesikika," redio ikajibu.

Aliyejibu ni Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkuu wa operesheni, mama wa miwani minene na maneno machache. Jina alipewa kwa sababu alipokukaripia ulijiona mtoto aliyevunja glasi kwenye nyumba ya watu.

Ndani ya lori mlikuwa na sanduku la chuma, na ndani ya sanduku kiini cha mionzi kilichong'olewa kwenye mashine ya kutibu saratani. Wezi waliongozwa na mtu aliyeitwa Mhandisi. Wanunuzi walikuwa wageni wawili waliotua juzi kwa ndege ya kukodi, na hawakuwa na mgonjwa yeyote wa kutibu.

Kando ya dereva aliketi Chiriku.

Kwa Mhandisi, Chiriku alikuwa karani mpole wa kampuni yake ya usafirishaji. Kwa Idara, alikuwa jasusi aliyekaa ndani ya genge kwa miezi, na kwa Kipanga alikuwa mwanafunzi bora kupita wote aliopata kuwafunza. Asubuhi hiyo alikuwa amebandika chini ya sanduku kifuatiliaji chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Kifuatiliaji hicho kilizungumza na simu moja tu duniani, ili siri isivuje.

Simu hiyo ilikuwa ya Kipanga.

Makarani wawili waliomtangulia Chiriku walisemekana wameacha kazi siku mzigo ulipofikishwa. Hakuna aliyewaona tena. Nukta ikipotea leo, hakuna mtu katika Idara nzima atakayejua Chiriku amepelekwa wapi.

Kwenye mzunguko wa barabara nne, nukta ilisimama.

Kipanga alisubiri. Basi la wanafunzi likaondoka. Nukta haikusogea. Akaipiga simu ubavuni kwa kidole, kama watu wanavyofanya wanapojua haisaidii. Ujumbe ukadondoka juu ya ramani.

Ndugu mteja, kifurushi chako cha data kimekwisha.

Aliusoma tena. Haukubadilika.

Kuna desturi katika Idara inayoitwa kujikagua. Kila asubuhi ya operesheni, kabla mtu hajatoka, Shangazi humwita mmoja mmoja kwenye redio, naye hufungua simu, huangalia kwa macho yake, hutaja mambo matatu: chaji, kifurushi, mtandao. Desturi hiyo aliianzisha Kipanga mwenyewe, na aliwahi kumrudisha kijana nyumbani kwa kubahatisha jibu.

Asubuhi ya leo, Kipanga alijibu, "Vyote vipo." Alikuwa akifunga kamba za buti. Simu ilikuwa mfukoni.

Sasa alifungua mipangilio, akaingia kwenye matumizi ya data. Aliyekula kifurushi alikaa juu kabisa, na mstari wake ulivuka kioo. Tamthilia. Siku zote alizojificha kwenye chumba cha ghorofani kuchunguza kampuni ya Mhandisi, Kipanga alikuwa akifuatilia kisa cha mjane tajiri na mtunza bustani wake, sehemu baada ya sehemu, picha ikiwa kwenye ubora wa juu kabisa. Fundi wa Idara alikuwa amemwekea kikomo cha data, nacho kilifanya kazi yake: kilikata video pale mtunza bustani alipotaka kutamka kwamba anampenda mjane. Kipanga akakitoa kikomo.

Chini ya tamthilia ilikuwepo programu ya picha, ambayo kwa siri ilikuwa ikihifadhi nakala mtandaoni. Zilikuwa picha zake mwenyewe, kapanda Yamaha, kavaa miwani ya jua. Nyingi mno kwa jasusi, nyingi mno hata kwa bwana harusi.

Masikio yakamwaka moto ndani ya helmeti.

"Kipanga, toa mahali."

Hapakuwa na duka karibu, ni kuta na mageti tu. Simu yake binafsi ilikuwa kwenye droo ya Kituo, kama sheria ilivyotaka.

"Kipanga?"

"Kituo... mtandao umekatika huku."

Uongo ulitoka laini. Kusingizia mtandao hakujawahi kumwaibisha mtu.

Redio ikauliza: "Umekatika, au umekatwa?"

"Sijui."

"Basi tuchukulie umekatwa. Wana mtambo wa kuziba mawimbi ya simu, wametushtukia. Vikosi vyote, rudini nyuma. Narudia, rudini nyuma. Kipanga, ondoka hapo."

"Na Chiriku?"

"Chiriku anajua utaratibu."

Kipanga pia aliujua, maana aliufundisha yeye. Adui akiziba mawimbi, hakuna anayefuata. Aliye ndani anajiokoa mwenyewe.

Akilini alimwona Chiriku alivyokuwa alfajiri ile, amesimama na kipokezi sikioni akisikiliza watu wakijikagua. Alisikia "Vyote vipo." Akakivua kipokezi, akamkabidhi Fundi, akaenda kupanda lori.

Kipanga aliona aibu. Si ile ya kuchekwa.

Akabonyeza redio.

"Kituo, futeni hiyo amri."

"Sababu?"

Redio ile ilikuwa wazi kwa vikosi vyote. Nusu yao alikuwa amewafundisha.

"Mtandao upo. Mtandao hauna kosa. Kifurushi nimekimaliza mimi."

"Kwa kazi gani?"

"Tamthilia."

Mtu mmoja alikohoa kwenye redio, kikohozi cha mtu aliyeziba mdomo akachelewa.

"Asubuhi ulijikagua?" Shangazi akauliza.

"Hapana. Nilisema tu."

Shangazi hakukaripia. Kipanga angelipa chochote akaripiwe. "Vikosi, geuzeni," alisema. "Fundi, msaidie."

Sauti ya Fundi ikaingia, ya haraka, ya mtu ambaye vidole vyake tayari viko kazini. "Kaka, zima data kwanza. Umezima?"

"Nimezima."

"Nakurushia kifurushi kutoka laini yangu. Ni kidogo, ndicho nilichobakiwa nacho. Bando la Idara mpaka mhasibu asaini, na mhasibu yuko chai. Ukiwasha sasa hivi, hizo programu zako zitakikomba kabla hujameza mate. Fuata ninachosema. Mipangilio, matumizi ya data, washa Kiokoa Data."

"Tayari."

"Hiyo inazifunga mdomo zote zinazokula chinichini. Sasa kiruhusu kifuatiliaji peke yake."

"Tayari."

"Masasisho ya programu, weka yasubiri Wi-Fi. Barua pepe, zima isijivute yenyewe. Picha, zima kuhifadhi nakala. Kwani picha zenyewe za nini?"

"Fundi."

"Haya, haya. Tamthilia..."

"Nimeifuta."

"Sijasema uifute."

"Nimeifuta."

"Sawa, kaka. Rudisha na kikomo nilichokuwekea. Sijui nani alikitoa."

Kipanga akabonyeza. "Nimekirudisha."

"Ramani ya eneo zima niliipakua ndani ya simu, haihitaji data. Kwa hiyo unawasha, unaona nukta, unazima. Usiiache wazi hata uangalie ndege akipita."

Washa.

Nukta ikaruka kutoka kwenye mzunguko, ikatua mbali, upande wa reli.

Zima.

Yamaha ilifyatuka. Kipanga alikata katikati ya malori mawili ya saruji, akapanda ukingo wa barabara, akashuka kwenye njia ya vumbi. Kwenye njia panda alisimama.

Washa. Kushoto. Zima.

Hajawahi kuwa bahili hivyo na kitu chochote maishani. Kila alipowasha alikumbuka mjane akipanda ngazi za jumba lake, polepole, kwa ubora wa juu.

Washa. Nukta imetulia. Zima.

Kilikuwa kiwanda cha sabuni kilichofungwa, madirisha yamepasuka, harufu ya magadi bado imeng'ang'ania ukutani. Nje imeegeshwa Land Cruiser nyeusi. Kipanga aliacha pikipiki nyuma ya mapipa, akachungulia kwenye dirisha lisilo na kioo.

Sanduku lilikuwa sakafuni, kando ya lori. Wageni wawili wenye glavu walikuwa wamelichuchumalia. Walinzi wanne. Mhandisi, shati limepigwa pasi, alikuwa amesimama mbele ya Chiriku, na Chiriku alikuwa amesimama, mgongo ukutani.

"Karani," Mhandisi alisema kwa upole, "kazi yako kwangu imekwisha."

Akachomoa bastola.

"Vikosi viko wapi?" Kipanga alinong'ona kwenye redio.

"Wanakuja," Shangazi alijibu. "Walikuwa wamerudi nyuma sana."

Walirudi nyuma kwa uongo wa nani, kila mtu alijua.

"Kaka," Fundi aliingilia, "kifuatiliaji kina king'ora. Kwenye programu, kitufe cha mwisho. Lakini amri yake inapita kwenye data."

Kipanga alitazama kilichobaki. Kisingetosha kupeleka hata picha moja ya miwani ya jua. "Itafika?"

"Kama hakuna kingine kinachokula, itafika."

Washa.

Akabonyeza. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Ndani, Mhandisi alifungua kifungio cha usalama cha bastola. Kiduara kikazunguka.

Sanduku likapiga yowe.

Kila mtu mle ndani alijua sanduku lina nini. Mgeni wa kwanza alirusha glavu, akakimbia bila kumngoja mwenzake. "Linavuja!" mlinzi mmoja alipiga kelele. "Jamani, linavuja!" Walinzi walipishana mlangoni kwa viwiko, wanaume wazima, silaha zao zimelala sakafuni.

Mhandisi peke yake hakukimbia. Alilijua sanduku lake, na alijua halina king'ora. Aligeuka kumtazama karani wake, na akaelewa. Mkono wake ukanyanyuka.

Glock ilisema mara moja.

Risasi ilimpata begani. Bastola ikaanguka, Chiriku akaipiga teke ikaenda chini ya lori, kisha akamkalisha Mhandisi chini kwa kumkunja mkono ule mzima. Nje, Land Cruiser iliyojaa waliokimbia ilifika getini pamoja na magari ya Idara, na ikakosa pa kupita.

Yote yalikuwa yamekwisha.

Kipanga aliingia kwa kuruka dirisha. Siku nyingine angeruka kwa mbwembwe. Chiriku alikuwa amepiga magoti, akibandua kifuatiliaji chini ya sanduku. Alikizima, akafuta jasho kwa mkono wa blauzi.

"Mwalimu," alisema, "mbona mlichelewa hivyo? Nilishaanza kuaga watu moyoni."

Angeweza kusema barabara ilikuwa na foleni.

"Kifurushi kiliniishia," alisema. "Nilikuwa naangalia tamthilia. Na asubuhi sikujikagua."

Chiriku alimtazama. "Ulisema vyote vipo."

"Nilisema."

"Mimi nilipanda lori kwa neno hilo."

Hakusema kwa hasira. Kipanga alitaka kumwambia habari ya kikomo alichokirudisha, na ya risasi moja kutoka dirishani. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililojibu alichoambiwa. Akainamisha kichwa. Vijana wake wa zamani walikuwa wakiingia kuchukua sanduku, wakimpita kwa adabu, bila kumtazama usoni.

Kiini kilirudi hospitali. Mara tatu Kipanga alijaribu kumrudishia Fundi data yake, naye hakuipokea. Kwa muda fulani, kila Kipanga alipoingia ofisini, watu walibadilisha mazungumzo, na yeye alijifanya anatafuta kalamu.

Kisha ikaja operesheni nyingine, na asubuhi nyingine uani, injini zikiwa zimewashwa.

"Kipanga," redio iliita. "Jikague."

Alitoa simu, akaiangalia. "Chaji imejaa. Kifurushi, gigabaiti tatu na ushee. Kikomo kimewekwa, Kiokoa Data kimewashwa. Mtandao upo."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma, na kila mtu aliisikia hivyo.

Chiriku alikuwa upande wa pili wa ua, amevaa koti la mhudumu wa maabara, tayari kwa gari la kumpeleka kwa watu wabaya wengine. Alikuwa amesikia. Hata hivyo alivuka ua mzima, akaja hadi kwenye Yamaha, akasimama. Alinyoosha mkono, kiganja juu.

Kipanga akaiweka simu pale.

Chiriku alifungua mipangilio, akaingia kwenye matumizi ya data, akasoma taratibu kutoka juu hadi chini kabisa. Akairudisha.

"Asante, Mwalimu," alisema, akaenda kupanda gari lake.

Muda wa kuondoka ulikuwa bado. Kipanga akavaa helmeti hata hivyo, akashusha kioo cha uso, macho yake yasionekane.