Fundo la Koti

Kola ya koti ilikuwa imelowa jasho, na mwenye koti alikuwa kaburini mwaka wa ngapi sijui. Mtunza kumbukumbu aliigusa tena kwa glavu. Jasho lilikuwa la moto.

Ndilo koti ambalo marehemu, mpigania haki za raia, alivaa kila alipokamatwa. Sasa lilihifadhiwa pamoja na karatasi zake, miwani na viatu. Kanuni ya kazi ilikuwa kutoa kila pini na kufungua kila fundo kabla kitu hakijaingia boksini, maana pini na mafundo huharibu kitambaa. Jana yake mtunza kumbukumbu huyu, mama mjamzito wa miezi saba, alikuta uzi mweusi wenye fundo ndani ya pindo, akaufungua. Kazi ni kazi.

Tangu hapo mtoto aliacha kucheza tumboni. Daktari alisema moyo unapiga kwa mbali, asubiri. Mumewe alimtania kwamba mtoto amerithi uvivu wa ukweni, kisha akageuka kufuta machozi. Ila kila mama alipoingia chumba cha kumbukumbu, harufu ya jasho la mwanamume ikampokea mlangoni, mtoto aliruka kwa nguvu, na akitoka tu mtoto ananyamaza, hata akawa anashinda mle mchana kutwa amelikumbatia koti lililozidi kulowa, pumzi isiyo yake ikimpanda shingoni, akiogopa kubaki na akiogopa zaidi kuondoka.

Mumewe akaenda kumwita mjane wa marehemu. Bibi alipoona fundo la pindoni limefunguliwa, alikaa chini. Akaeleza kwa kunong'ona kwamba jini lilimfuata marehemu kutoka kifungo cha kwanza, likawa linamlalia kifuani hadi hawezi kusimama mbele ya watu. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga kwenye koti kwa fundo lile.

"Lifunge tena, bibi," mama alisihi. "Nakuomba."

Mjane aliweka kiganja juu ya tumbo, akakiacha hapo muda mrefu.

"Limeshahama, mwanangu. Nikilifunga humo lilimo, na mtoto hatoki. Nisipolifunga, wanatoka wote wawili."

Mume alisema watafute mtu mwingine anayejua zaidi. Mkewe hakumsikiliza. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

"Basi watoke," alisema. "Wangu awe hai tu. Huyo mwingine nitamlea."

Mtoto akacheza upande wa kushoto. Kabla hajatulia, kitu kingine kikacheza upande wa kulia.