Anayegonga Tangini

Kong'.

Mara moja tu, kisha kimya. Chuma kilikuwa kimegongwa, tena kwa ndani, mahali fulani chini ya sakafu ya yoti.

Mke wa daktari alijigeuza kitandani. "Umesikia?"

"Maji hayo. Yanapiga ubavu wa chombo."

"Maji yana vidole siku hizi?"

Daktari alimgeuzia mgongo. Alikuwa daktari wa meno, na nusu ya umri wake aliipitisha akigonga meno ya watu kwa mpini wa kioo chake kidogo, ili sauti imwambie lipi li hai na lipi limekufa. Sikio lake halikudanganyika. Maji hayagongi vile. Vile hugonga mtu anayengoja kujibiwa.

Yoti ilikuwa mpya kabisa, imeundwa kwa mfano wa trola za wavuvi: pua ya juu ya kukata mawimbi, tumbo pana, injini ya kuvuka bahari. Ila pale ambapo trola hujaza samaki, hii ilikuwa na sebule, jiko na vyumba vya kulala. Daktari aliiota tangu ujana. Alifunga kliniki, akaagiza iundwe, na kila alipopata mwanya alikwenda kiwandani kutazama mbavu zake za chuma zikivikwa nyama. Sasa ilikuwa yake, imefungwa gatini, na familia ililala humo kuizoea kabla ya safari.

Asubuhi chai ilinuka rangi.

"Hii si chai," mkewe alisema, akaimwaga. "Huu ni ukuta uliochemshwa."

Binti yao mdogo, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alicheka mpaka akapaliwa. Kikohozi hicho hakikuisha. Mchana alilala, yeye ambaye kulala mchana kwake ni adhabu, na mama yake alipomfunua shuka aliona alama begani, juu ya gauni: kiganja kizima cha mtu mzima, cheupe. Alipokigusa, rangi ilimganda vidoleni. Bado ilikuwa mbichi.

Daktari aliiona alama ile, akatazama pembeni. Aliujua weupe huo.

Ulitoka katika tangi la maji safi, lililokuwa chini ya chumba cha Kitinda: sanduku la chuma lenye tundu moja juu, la kumtosha mtu mwembamba kujipenyeza. Kiwandani lilipakwa kwa ndani rangi ya kuzuia kutu, rangi ambayo mvuke wake hulevya. Kwa hiyo mafundi walikuwa na sheria yao. Mmoja akiingia, mwenzake hukaa tunduni, habanduki. Aliye ndani hugonga ukuta. Aliye nje humjibu kwa kumwita jina. Akisikia jina lake, anajua hajasahauliwa, anaendelea. Kugonga kukikoma, aliye nje anavuta kamba iliyofungwa kiunoni mwa mwenzake.

Siku ile aliyeingia alikuwa fundi rangi, na aliyeshika tundu alikuwa mdogo wake. Daktari alifika na kamera shingoni, furaha imempanda kichwani.

"Kijana, hebu njoo unipige picha kwenye usukani."

"Kaka yuko ndani, daktari."

"Mara moja tu! Kwani boti ya nani hii?"

Katika picha ya kwanza daktari alifumba macho. Wakarudia. Kisha akataka nyingine, ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbali kama nahodha. Hapo ndipo walipousikia, wote wawili, mlio mmoja kutoka chini. Kijana akashusha kamera.

"Ngoja," daktari alisema. "Ya mwisho."

Waliporudi, tangi lilikuwa kimya.

Wakuu wa kiwanda walipouliza nani alimwondoa mshika tundu, daktari alisema hakumwita mtu. Walipouliza kama alimjua marehemu, alisema, "Nilimwona tu. Fundi rangi." Kijana akafukuzwa kazi, na mtaani akawa yule aliyemuua kaka yake kwa uzembe. Daktari akakabidhiwa funguo, akapeana mikono na kila mtu.

Na alimjua. Fundi yule aliwahi kumfuata uani mwa kiwanda, akapanua mdomo, akamwonyesha gego bovu. Daktari aliligonga kwa kalamu, akaahidi kuling'oa. Fundi akamtajia jina lake, akacheka na shavu lake lililovimba: "Lishike, daktari. Nisije nikabisha hodi kwako ukaniuliza mimi nani."

Tangu msiba ule jina hilo halikupita kinywani mwake. Lilikaa humo kama jino lililooza ambalo mwenyewe anatafunia upande wa pili.

Mkewe, asiyeyajua hayo, alimleta mganga. Mganga alishuka ngazi kwa madaha, akanusa, akalaza sikio sakafuni.

Kong'.

Akaanza kukusanya vitu vyake. "Jini namfukuza," alinong'ona, "kwa sababu jini huwa amekuja. Huyu hakuja. Huyu aliachwa. Mtafuteni aliyemwacha."

"Na ujira wako?"

"Kaa nao, mama. Mimi nataka ngazi tu."

Mkewe alimgeukia mumewe. "Baba Kitinda, kuna jambo?"

"Hakuna."

Neno hilo lilipotoka, mabomba yote ya jikoni yalikohoa kwa pamoja, yakatapika rangi nyeupe, nzito kama maziwa.

Hawakungoja zaidi. Daktari alimbeba mtoto wampeleke hospitali, lakini alipokanyaga ubao wa kushukia gatini, pumzi ya Kitinda ilikatika, kichwa kikamlegea mkononi kama ua lililovunjika shina, mama mtu akapiga kelele, "Mrudishe! Mrudishe!" na alipomrudisha ndani, pumzi ilirudi, ndogo, ya kukwaruza, pumzi ya mtu aliyefungiwa mahali penye hewa ya kuhesabu.

Basi daktari akampigia simu mdogo wa marehemu.

Kijana alifika jioni ikiingia, amekonda, shati likimpwaya. "Shikamoo mama," alimwambia mke wa daktari. Kwa daktari alisema tu, "Nimekuja."

Chumbani kwa Kitinda zulia lilikuwa limejikunja lenyewe. Kifuniko cha tangi kilikuwa wazi, skrubu zake zimepangwa pembeni kwa unadhifu, kama fundi azipangavyo. Harufu ya rangi ilichoma macho.

"Mwite, mdogo wangu," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Wewe ni damu yake. Mwite atoke."

"Nimemwita mpaka sauti imeota kutu. Kiwandani nimemwita, kaburini nimemwita. Haniitikii mimi. Mimi anajua niliondoka kwa kutumwa."

"Kutumwa na nani?" mke wa daktari aliuliza.

Kijana aligeuka. Alimtazama daktari, akangoja, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango.

"Si wakati wake huu," daktari alisema. "Mtoto anaumwa—"

"Nani alimtuma, baba Kitinda?"

Kitandani, Kitinda akafumbua macho. Midomo yake ilikuwa myeupe kama chokaa. "Baba," alisema, "kuna mtu huko chini anauliza nani yuko nje. Nimwambie ni mimi?"

"Usimjibu!" kijana alifoka, akaruka kumziba mdomo. "Akijibiwa na mtoto, atamshika mtoto!"

Kong'.

Ndipo daktari alipopiga magoti penye tundu, na weusi wa mle ndani ukamjia usoni pamoja na ule mvuke mtamu unaolevya, naye akaona, au macho yake yaliyojaa machozi yakamwonyesha, vidole vyeupe vikipapasa ukingo wa chuma, vikiteleza, vikirudi, vikiteleza tena kwa uvumilivu wa mtu aliyeambiwa kwamba hapo juu kuna mwenzake. Na nyuma yake akasikia pumzi ya binti yake ikipungua, na kimya cha mkewe, kimya kilichokwisha kuelewa, na akajua kwamba kitu kile kidogo alichokuwa amekificha shavuni siku zote hizi ndicho kilichoziba hewa ya wote waliomo humu.

Akashusha mkono wake ndani ya tundu, mpaka begani. Kiganja kibichi kikaushika.

"Mimi ndiye niliyemwondoa mdogo wako," alisema. "Nilikusikia ukigonga. Niko hapa nje. Niko hapa nje, Mbaruku."