Vizito Juu ya Ekseli

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mchimba visima, na mimi ndiye niliyekuwa natunza vifaa vyake. Kila siku tuligombana kwa jambo lilelile: jinsi ninavyopakia mkokoteni.

"Vizito juu ya ekseli, shemeji," alikuwa akisema, huku akipanga upya kila kitu juu ya kile chuma kinachounganisha magurudumu, kwa ule mkono wake wa kulia usio na kidole cha mwisho. "Ukiviweka nyuma, mkokoteni utakubeba wewe."

"Basi pakia mwenyewe! Mwanaume mzima, maneno mengi!"

Siku ile, saa nne asubuhi, mwenzake tuliyemwita Mfupi alikuja mbio. Ukuta wa kisima ulikuwa umebomoka. Shemeji amefukiwa hadi kifuani, ila yu hai, anaongea.

"Peleka winchi ya kumvutia juu, kamba na mbao za kuzuia udongo," alisema akihema. "Mimi nakimbilia machimboni kuita watu."

Kisima kilikuwa juu ya kilima cha mawe ambako gari halifiki. Nikarusha vitu ovyo, winchi nyuma kabisa, nikaondoka.

Jamani, njia ile! Hatua kumi, gurudumu limenasa. Natoa jiwe, linanasa kwenye jingine. Mishikio inanyanyuka, inataka kuninyanyua na mimi, mbao zinamwagika. Nazirudisha, zinamwagika tena. Nililia kwa hasira. Nikaupiga mkokoteni teke, nikaumia mwenyewe. Hata shemeji nilimtukana: kwani hakuna ardhi nyingine duniani, mpaka uchimbe juu ya mawe?

Kwenye korongo nikakwama kabisa. Mtu anafukiwa kule juu, na mimi nimeshindwa na magurudumu mawili. Nikakaa chini, kichwa magotini.

Nyuma yangu nikasikia mbao zikisogezwa. Kisha kamba ikikazwa.

"Mfupi?"

"Vuta," sauti ikanong'ona. "Usigeuke. Angalia mawe."

Nikavuta. Mkokoteni ukawa mwepesi. Badala ya kushukuru, nikazidi kuwaka. "Ulikuwa wapi muda wote huu? Sukuma basi, mvivu wewe!"

Alisukuma. Sikusikia hatua zake. Sikumsikia akihema. Jua lilikuwa kali, lakini mgongo wangu ulikuwa wa baridi. Sikugeuka.

Juu, watu walikuwa wamekizunguka kisima. Mfupi alikuwa amepiga magoti ukingoni, udongo mpaka mabegani.

Nikaachia mishikio. Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

"Udongo ulishuka tena," Mfupi akaninong'oneza. "Amenyamaza kitambo. La mwisho alisema, 'Shemeji kapakia vibaya, namjua. Ngoja nikamsaidie.'"

Winchi ilikuwa juu ya ekseli, imefungwa vizuri. Kwenye ubao wa nyuma kulikuwa na alama za viganja viwili, za udongo mweupe uliolowa, ule unaopatikana chini kabisa ya kisima. Cha kulia hakikuwa na kidole cha mwisho.

Dada alitaka mkokoteni uchomwe. Nilikataa, nikaufungia stoo. Jioni nikiiacha winchi nyuma, asubuhi naikuta juu ya ekseli. Mlango naufunga mwenyewe na ufunguo nalala nao.

Siku hizi naiweka nyuma makusudi.