Kikohozi cha Valdora

Zama zile Italia haijawa nchi moja, kila mji una mkuu wake na panga zake, Mwalimu Baldassare Orsenigo alirudi Valdora juu ya nyumbu, amejaa hasira. Alikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa. Majira mazima ya baridi alitunga zaburi ya toba. Kumbe Padri Fulgenzio, mpwa wa askofu, ameitangaza kuwa yake, kisha akamfanyia mwalimu fitina hadi akafukuzwa mjini. Mwizi mwenye macho makavu!

Ilikuwa Ijumaa Kuu. Kwa desturi, siku hiyo kinanda cha kanisa hunyamaza, na kiongozi huwapa waimbaji sauti ya kuanzia kwa kinywa chake. Makofi nayo ni mwiko kanisani. Aliyependezwa hukohoa na kukwaruza sakafu kwa viatu.

Baldassare alijibanza nyuma ya nguzo. Fulgenzio, ndani ya joho la hariri, akatoa sauti. Lo! Juu mno! Bwana mkubwa alizoea kubebwa na kinanda. Ubeti wa pili haujaisha, waimbaji wakakwama, mishipa ya shingo imewatoka.

"Na aumbuke!" Baldassare alinong'ona. "Njia ya mwongo ni fupi."

Lakini iliyokuwa ikinyongwa pale ni zaburi yake, na hilo lilimchoma kuliko wizi wenyewe. Akatoka mbio, akamsukuma Fulgenzio kando, akawapa waimbaji sauti ya kuanzia iliyo sawa. Aliwafundisha yeye, wakamkazia macho, wakaimba hadi wazee wakalia.

Askofu aliinuka, uso umemwiva. "Atakayekohoa, gerezani!"

Hata kiatu hakikukwaruza.

"Baba Askofu," Baldassare akasema, "mbele ya msalaba huu, zaburi ni ya nani?"

"Ya mpwa wangu. Nawe ukionekana tena Valdora, utanyongwa."

Basi vitabu vya kanisa vikaandika Fulgenzio. Vilaaniwe!

Askari walimpandisha nyumbu wake, wakamswaga hadi lango la mji, umati ukifuata. Mlinzi wa lango, mzee mwenye mkuki, alikatazwa kusema naye. Akafungua lango, akatazama chini, akakohoa.

Mwoka mikate akakohoa. Wajane wakakohoa. Viatu vikakwaruza mawe barabara nzima, na askofu hana gereza la kuwatosha.

Baldassare hakugeuka. Alilia kwa hasira, akampiga nyumbu mateke, huku nyuma yake Valdora nzima inakohoa.