Zamu ya Maji na Herufi Iliyopotea

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Karwirwa alienda ofisi ya kikundi cha maji pale Mitunguu kumsaidia katibu, Madam Gladwell. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imemzidi Karwirwa umri. Haikuwa na kipanya wala picha, ila kioo cheusi tu, nawe uliandika amri neno kwa neno. Hata shuleni waliandika amri, lakini kompyuta ile mpya iliwadekeza: ukianza jina inalimalizia, ukitaka kufuta inakuuliza kwanza, kwa kuwa mwalimu aliipanga hivyo. Hii ya zamani ilitii papo hapo, na Karwirwa aliipenda kwa hilo.

"Nifutie faili la zamu za maji za mwezi uliopita," Madam alisema, akatoka kuongea na wakulima.

Karwirwa aliandika amri ya kufuta, akafupisha jina kwa alama ya nyota, inayosimama badala ya herufi zozote, akitarajia kuulizwa faili moja moja. Hakuulizwa. Zamu zote zilitoweka, pamoja na ya wiki ijayo ambayo haikuwa imechapishwa. Bila ratiba hiyo, familia sitini zingegombania maji Jumatatu, na migomba ya baba yake ilikuwa mwisho kabisa wa mfereji.

Alifikiria kuiandika upya kimyakimya. Vidole vilikuwa tayari juu ya vibonye, lakini alikumbuka siku za familia kumi tu. Zile nyingine angezibunia siku. Aliona haya, akatoka nje.

"Madam, nimefuta zamu zote. Ni mimi, si mashine."

Gladwell hakufoka. "Umeandika kitu kingine baada ya hapo?"

"Hapana, Madam."

"Sawa. Usiguse kitu."

Aliketi, akaandika amri moja bila kutazama kitabu chochote. Karwirwa alimstaajabia.

"Mashine hii ikifuta, inapoteza herufi ya kwanza ya jina tu," Gladwell alieleza. "Maandishi yanabaki, ila nafasi yake inahesabiwa kuwa tupu. Ukihifadhi kitu kipya, kinaweza kukaa juu yake."

Kioo kiliuliza herufi iliyopotea ya faili la wiki ijayo. Karwirwa alibonyeza Z, ya "zamu", na familia zote sitini zikarudi, ya baba yake ikiwa ya mwisho, Ijumaa jioni.

"Ungejaribu kuficha kosa, ungeandika juu ya zamu yenyewe, na hata mimi nisingeweza kuirudisha," Gladwell alisema, akiichapisha zamu ya wiki ijayo. "Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Sasa chukua hii karatasi, ukaibandike mlangoni."